Mimi ni saisi, naambiwa nifundishe watoto wenye ulemavu kupanda farasi. Mafunzo nianzie wapi?

SaisiWaDagoretti · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Hamjambo wadau. Naandika kwa simu na habari yenyewe ni ndefu, mnivumilie.

Nilianza kazi ya farasi mwaka 2013 kwenye mabanda ya farasi wa mashindano huku Barabara ya Ngong. Miaka tisa niliamka saa kumi alfajiri, nikalisha, nikasugua, nikatembeza, nikafunga bandeji miguu isiyohesabika. Farasi namjua. Nikimsikia akitafuna najua kama jino linamsumbua. Tangu 2022 niko kwenye programu ndogo pande za Karen, watoto wenye ulemavu huja kupanda farasi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wengi wana mtindio wa ubongo, wengine usonji, wawili wana Down, hali ya kuzaliwa nayo. Farasi tunao wanne: watatu walistaafu mbio, wa nne ni farasi mfupi wa Kisomali ambaye kila mtoto anamtaka. Jina lake Shilingi.

Mwalimu wetu, aliyesomea kazi hii ng'ambo, anaondoka Desemba. Juzi akatuita sote, akasema mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye nitakayeshika vipindi. Nilifurahi sana. Nilipofika nyumbani usingizi ukagoma.

Sababu ni hii. Julai, Alhamisi asubuhi, baridi na umande, msichana wa miaka saba alikuwa juu ya Shilingi. Kamba nimeshika mimi. Kushoto kwake alitembea dada mmoja wa siku nyingi, kulia kijana wa chuo aliyekuja kujitolea, siku yake ya pili. Nje ya ua bodaboda ikatoa mlio kama risasi. Shilingi hakukimbia. Aliruka kando hatua moja tu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Lakini yule kijana alishtuka kumliko farasi: akaachia paja la mtoto, akarudi nyuma, mikono juu. Mtoto akaanza kulalia upande ule ulioachwa, polepole, kama mlango unaojifungua wenyewe. Dada wa kushoto akamkamata kwa mkanda wa kiunoni huku mkono wake mwingine haujaondoka pajani. Mimi nikamgeuza Shilingi kichwa, nikasimama mbele yake, akatulia. Mtoto alikuwa anacheka, alidhani ni mchezo. Magoti yangu yalikuwa maji.

Simlaumu kijana. Mafunzo yake yalikuwa dakika kumi kando ya lango: usipite nyuma ya farasi, usipige kelele, shika hapa. Aliyempa mafunzo hayo ni mimi, na hayo ndiyo niliyopewa mimi pia nilipoanza.

Wiki iliyopita mama mmoja akaniuliza kwa upole tu, "Baba, wewe una cheti gani?" Nikamwambia ukweli kwamba sina. Akaitikia kwa kichwa, akampandisha mwanawe. Imani ile imenielemea kuliko kama angegomba.

Nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nasoma. Nasikia kuna vyeti vya Uingereza na Marekani, nasikia pia kuna kitu kinaitwa hipotherapia, sijui kama ni jambo lilelile. Niambieni mtu kama mimi anaanzia wapi, na hawa wanaojitolea niwafundishe nini ili siku ya mlio mwingine mikono isiachie.

---

DadaTibaKazi · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Kaka, nimesoma mara mbili. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani namsaidia mtu kuzimudu shughuli zake za kila siku, nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, na kwa miaka minne nilikuwa nikiwaleta watoto wa kliniki yetu kwenye farasi kila Ijumaa. Nianze na jina la kazi, hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Hayo ni mambo mawili. Katika hipotherapia, farasi ni chombo mkononi mwa mtaalamu wa afya: wa fiziotherapia, wa tiba kazi, au wa usemi. Mtoto hafundishwi kupanda. Mtaalamu anatumia mwendo wa mgongo wa farasi kufanyia kazi kiuno, shingo, pumzi, hata matamshi. Farasi akitembea, mgongo wake unazisukuma nyonga za aliyepanda mbele na nyuma, kushoto na kulia, na kuzizungusha kidogo, karibu kabisa na vile zinavyokwenda nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Hesabu hatua mia moja hivi kwa dakika: dakika ishirini ni misukumo elfu mbili. Mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua, kiuno chake kinaonja kutembea. Kliniki nina mipira, mikeka na bembea, na hakuna hata kimoja kinachonipa hilo.

Jambo la pili ni hilo unalokabidhiwa wewe: kuwafundisha watu wenye ulemavu kupanda farasi. Hapo mtoto anajifunza kweli kushika hatamu, kusimamisha, kugeuza. Mwili na moyo vinafaidika, lakini wewe ni mwalimu, si tabibu. Hapa kwetu tiba kazi ina sheria yake ya mwaka 2017 na fiziotherapia ya mwaka 2014, na anayezifanya lazima awe amesajiliwa. Kwa hiyo mzazi akikuuliza, "Huyu atatembea lini?" usimjibu. Mrudishe kwa mtaalamu wa mtoto, hata kama moyo unakusukuma umpe tumaini.

Sasa mafunzo yenyewe. Watu hudhani mwalimu anafunzwa zaidi jinsi ya kupandisha. Mimi nasema sehemu ngumu ni kujua nani asipandishwe leo. Kila mtoto awe na fomu iliyojazwa na daktari kabla hajagusa tandiko. Kifafa ambacho dawa hazijakituliza, hapana. Nyonga inayotoka mahali pake, hapana mpaka daktari wa mifupa aseme. Kidonda cha kukalia, hapana, hata kiwe kidogo kama sarafu, kwa sababu yeye huenda hakisikii na tandiko litakila. Uti wa mgongo uliopinda sana, mzio wa manyoya ya farasi, upasuaji wa karibuni, yote hayo yanahitaji kauli ya daktari.

Na hao wawili wenye Down, kaka, naomba usome hapa kwa makini. Baadhi ya watu wenye Down wana ulegevu kwenye mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo. Mtikisiko unaweza kuubana uti wa mgongo. Tulikuwa na kijana wa miaka kumi na mmoja, amepanda miezi minne bila shida. Siku moja saisi, mtu kama wewe, akaniita pembeni: "Daktari, huyu leo anakaa tofauti, kichwa kimeinama upande." Mimi nilikuwa nimemsalimia mtoto na sikuona kitu. Tukamshusha. Nilipomhoji mama, akasema wiki ile ameanza kujikwaa, na amejikojolea mara mbili wakati alishaacha. Hakupanda tena, alienda hospitali moja kwa moja. Jicho lililomwokoa lilikuwa la saisi, aliyezoea kutazama mgongo wa farasi kila siku na sasa akatazama mgongo wa mtoto.

Jicho hilo unalo tayari. Kinachobaki ni kulifunza dalili.

---

SaisiWaDagoretti · Jumatatu, saa 4:21 usiku

Asante dada. Hao wawili wana picha ya eksirei ya shingo kwenye faili, moja ni ya mwaka juzi. Picha ikiwa nzuri si basi?

---

DadaTibaKazi · Jumatatu, saa 4:30 usiku

Sio basi. Picha inaonyesha siku ile tu iliyopigwa, na kuna watoto wenye picha nzuri ambao baadaye wanaonyesha dalili. Daktari awapime mishipa ya fahamu kila mwaka na aandike, na wewe uulize kila wanapokuja: anatembea vilevile? mikono ina nguvu ileile? choo na mkojo viko sawa? Maswali matatu kabla ya kofia kufungwa. Kama jibu lolote limebadilika, siku hiyo anapiga brashi farasi, hapandi.

---

Mkaazi_wa_Hardy · Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Kaka, video ziko tele mtandaoni, za bure. Keti nazo wiki mbili utajua yote. Umekaa na farasi zaidi ya miaka kumi, mtu wa cheti atakufundisha nini?

---

BibiWaMabanda · Jumanne, saa 6:45 mchana

Mwanangu SaisiWaDagoretti, nimeishi na farasi Lang'ata tangu nikiwa msichana, na vipindi vya watu wenye ulemavu nimevisimamia miaka mingi kabla goti halijanikatalia. Na wewe Mkaazi wa Hardy, naomba nikupinge kwa heshima. Video itakuonyesha mkono uwekwe wapi. Haitakuambia kwamba mkono wako umelegea. Hilo anakuambia mtu aliyesimama hapo akikutazama.

Kwanza vyama vyenye vyeti vya kufundisha wenye ulemavu kupanda farasi, maana uliuliza. Uingereza wana RDA, Marekani wana PATH International, na vyote viwili mizizi yake ni mwaka 1969, ingawa hicho cha Marekani kilichukua jina hili la sasa mwaka 2011. Kuna pia HETI, ambayo ni shirikisho la dunia la watu wa kazi hii, hukutana kwa kongamano kila baada ya miaka mitatu. RDA huwalea makocha wake ngazi kwa ngazi wakiwa kazini kwenye vikundi vyao. PATH ina cheti cha mwalimu: uwe na miaka 18, uwe mwanachama, na wanakupima kwenye farasi, kwenye ulemavu, na kwenye kufundisha. Mafunzo ya hipotherapia yaache, hayo ni ya kina dada hapo juu wenye leseni ya afya. Vipo pia vipindi vya afya ya akili, ambako mtu hapandi kabisa, anakuwa chini na farasi pamoja na mshauri wa kisaikolojia. Vyema sana, lakini navyo sivyo kazi yako.

Cheti cha ng'ambo kikusanyie taratibu, pesa yake si ya mwezi mmoja. Sisi tuliotangulia hapa Nairobi wengi tumejengwa kwa viraka: huduma ya kwanza, kocha mgeni aliyepita wiki mbili, kozi ya mtandaoni, na mwalimu aliyetukazia macho. Kati ya viraka hivyo, huyo wa mwisho ndiye aliyenifunza zaidi, na wewe unaye mpaka Desemba! Usingoje aage. Mwombe leo akuachie nusu ya kila kipindi: wewe ufundishe, yeye asimame katikati ya uwanja bila kusema neno, jioni mketi na daftari. Andika tarehe, mtoto, farasi, ulichofundisha, kilichokushinda. Daftari hilo likijaa, lina uzito kwa chama chochote utakachokiomba cheti, na yule mama aliyekuuliza unaweza kumfungulia alisome.

Huduma ya kwanza nenda St John au Msalaba Mwekundu, na usisitize ufundishwe kumhudumia mtu anayeshikwa na kifafa. Cheti cha tabia njema omba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulipe ada, kisha alama za vidole. Wote wanaogusa watoto wawe nacho, wewe wa kwanza, na huyo kijana wa chuo pia. Haya yanaisha ndani ya mwezi.

Sasa nije kwenye mikono, hapo ndipo penye moyo wangu.

Wewe umetoka mbio, na mkono wa mbio una mazoea yake. Mabandani mlizoea kumkaba farasi chini ya kidevu, kwa sababu damu yake inachemka na ukilegea anakuvuta. Kwenye kazi hii ukimkaba hivyo unauua mwendo. Farasi anatembea na shingo. Shingo ikizuiwa kucheza, mgongo unakuwa ubao, na zile nyonga za mtoto alizozieleza dada hazipati kitu. Mwachie kamba kama shibiri mbili, tembea sawa na bega lake, na kamba iliyobaki ikunje kwa mkono wa kushoto, isizungushwe kiganjani kamwe. Hilo la mwisho unalijua, lakini vijana wako hawalijui.

Jambo la pili la mbio: wale wastaafu wenu watatu wamefunzwa tangu utoto kwamba joki, yule mpanda farasi wa mbio, anarushwa juu huku farasi anatembea. Ndiyo maana wakifika kwenye rampu ya kupandia hawasimami, si ndivyo? Sio ukaidi, walisomeshwa hivyo. Itabidi uwasomeshe upya. Mlete kwenye rampu, asimame miguu minne sawasawa, hesabu kimya mpaka ishirini, mtoe. Bila mtu juu. Rudia kila siku wiki mbili, kisha uweke gunia la mahindi juu ya tandiko, kisha mtu mzima mwepesi. Mtoto awe wa mwisho kabisa. Ajali nyingi nilizoziona mimi zilitokea kwenye rampu, siyo uwanjani, kwa sababu pale mtoto yuko nusu kwenye kiti na nusu kwenye farasi, hana mwenyewe.

Halafu wasindikizaji wa ubavuni. Huyo kijana alirudi nyuma kwa sababu mwili wa binadamu ukishtuka unajiokoa, ni tabia tu. Tabia haiondolewi kwa maelezo ya langoni. Inaondolewa kwa kurudia mpaka mwili ujifunze jambo lingine. Mimi niliwafanyia hivi. Msindikizaji anaulaza mkono juu ya paja la aliyepanda, vidole vinashika ukingo wa mbele wa tandiko. Farasi akiruka, mkono unabana chini na miguu inamfuata farasi. Inabana, inafuata. Usimvute mtoto, usisimame, usiache. Tulimchukua farasi mpole, mtu mzima akapanda, na mimi nikawa napiga karai kwa mwiko bila kuwaambia lini. Farasi alizoea siku ya kwanza. Watu walichukua majuma matatu.

Na kila msindikizaji apande yeye mwenyewe, macho yamefungwa kwa leso, mikono mapajani, aongozwe mizunguko miwili. Mmoja wao, bwana mkubwa mwenye sauti nzito, alishuka machozi yanamlenga, akasema hakujua kwamba kona ndogo vile inahisika kama gari linapinduka. Tangu siku hiyo hakumwongoza farasi kwenye kona bila kumwambia mtoto kwanza, "Tunageuka kushoto."

Kushusha kwa dharura nako kufanywe mpaka kuchoshe. Kabla ya kipindi kuanza mnakubaliana anashushwa upande gani. Mwalimu akitoa neno, na neno liwe moja tu na lilelile siku zote, mwongoza farasi anabaki na kichwa cha farasi, asigeuke kumtazama mtoto hata akilia. Msindikizaji wa upande wa kushusha anamkumbatia mtoto kiunoni, wa upande wa pili anachomoa mguu kwenye kikuku, kile cha kukanyagia, na kuusukuma uvuke. Kisha wanaondoka na mtoto mbali na farasi. Sisi tulifanya kwa mtu mzima mwepesi mara kumi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kwa miaka yote nililihitaji neno lile mara mbili, na mara zote mbili mikono ilijua.

Neno kidogo kwa ajili ya Shilingi, maana hana wa kumwandikia. Farasi wa kazi hii huchoka moyo kabla ya miguu. Ukimfunga mkanda wa tumbo akakunja masikio au akapekua ubavu kwa meno, anakuambia jambo. Mzigo wake, mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wake. Wa Kisomali wa kilo 300 ni kilo 60, basi. Watoto wanakua, pima kila muhula. Na mvua ndefu ikipita, visubi vinapozidi jioni, hakikisha wote wamechanjwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, nimezika farasi wawili kwa ugonjwa huo.

Nimalize na jambo ambalo kocha mmoja alitusimulia nikiwa kijana, sijalisahau. Lis Hartel, mpanda farasi wa Denmaki, alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu ikapooza chini ya magoti. Mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akapata medali ya fedha, akishindana na wanaume na maofisa wa jeshi. Mswidi aliyemshinda, Henri Saint Cyr, alimsaidia kupanda jukwaa la medali. Watu hukumbuka medali. Kocha wetu alituuliza: "Na nani alimpandisha kwenye farasi kila asubuhi kwa miaka minane?" Alihitaji watu wa kumpandisha na kumshusha. Wewe mwanangu ni wa kabila hilo.

---

MamaPacha_Rongai · Jumanne, saa 2:15 usiku

Naomba niongeze kama mzazi, sina utaalamu wowote wa farasi. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, ana usonji, haongei. Dada yake pacha anaongea kwa ajili ya wote wawili. Amepanda farasi miaka miwili, tunapanda matatu mbili kufika.

Kama kuna mafunzo yanayoandaliwa, tafadhali wafundisheni watu kunyamaza. Siku za mwanzo, wasindikizaji wawili walikuwa wanapiga soga juu ya kichwa chake, nauli, mpira, mambo ya kanisani, na mwalimu naye anaita kutoka katikati. Sauti tatu. Mwanangu alikuwa anaziba masikio na watu wanasema anaogopa farasi. Haogopi farasi. Siku moja alikuja msindikizaji mgeni, mama wa makamo, akatembea kimya kabisa. Mwalimu akasema "Mwambie farasi aende," mara moja tu. Wote wakangoja. Mimi nilikuwa uani nahesabu, nilifika kumi na nne. Halafu mwanangu akashusha mkono, akagonga shingo ya farasi kwa vidole viwili, mara mbili. Farasi akaenda.

Mpaka leo akitaka kitu nyumbani ananigonga bega mara mbili. Chai, mlango, redio. Hiyo ndiyo "tafadhali" yake.

Watu wengi wema wangemsaidia ilipofika tano. Wafundisheni kungoja mpaka kumi na tano.

---

DadaTibaKazi · Jumanne, saa 2:40 usiku

Mama Pacha, nimeikata hiyo na kuibandika ukutani kliniki. Kaka, anayeongea na mtoto ni mmoja tu, mwalimu. Wasindikizaji ni mikono. Ukihitaji kubadilisha mmoja aliyechoka, simamisha farasi kwanza, abadilishwe mmoja, kisha wa pili, mtoto asibaki hata nukta bila mkono.

---

SaisiWaDagoretti · Jumapili, saa 11:30 jioni

Wazee wangu, dada zangu, nimerudi na habari.

Mwalimu amekubali kuniachia nusu ya kipindi kuanzia Jumanne ijayo, na daftari amelinunua yeye mwenyewe, jeusi la kurasa mia mbili. Wale wawili wenye Down nimezungumza na wazazi wao, hawapandi mpaka daktari aandike upya. Mmoja amelia. Tumempa brashi na Shilingi, na amemsugua mpaka anang'aa. St John nimejiandikisha na dada yule wa kushoto.

Jumamosi mchana, watoto walipokwisha kuondoka, tulibaki watu saba. Nilianza mimi: nikafunga macho kwa leso ya mke wangu, nikapanda Shilingi, mikono mapajani. Miaka zaidi ya kumi na farasi, nimepanda wengi, lakini sijawahi kuongozwa bila kuona. Bibi, ni kweli. Kwenye kona nilihisi dunia inateleza. Mkono ulionilalia pajani ulipolegea kidogo tu, nilijua, nikaushika kwa nguvu bila kutaka. Nikamkumbuka yule mtoto wa Julai. Hiyo ndiyo picha nitakayowapa watu wapya, siyo dakika kumi za langoni.

Halafu tukapiga sufuria. Yule kijana wa chuo nilimpigia simu Ijumaa, nikamwambia kosa lilikuwa la mafunzo na mafunzo ni jukumu langu, aje tuanze upya. Alikuja, amechelewa, amesimama mbali na ua kwa muda. Mara ya kwanza ya mlio aliacha. Mara ya pili aliacha nusu. Tulirudia mara kumi na tisa. Kuanzia ya kumi na mbili mkono haukutoka, na miguu ikawa inamfuata Shilingi kabla kichwa chake hakijajua. Aliniuliza kama Jumamosi ijayo tutarudia. Nikamwambia kila Jumamosi mpaka Desemba.

Wale wa mbio watatu nao wameanza shule ya rampu. Mmoja amesimama mpaka kumi na sita.

Swali langu la mwisho, Bibi: rampu yetu ni ya mbao, na asubuhi ya umande inateleza, kiti cha magurudumu kinakwenda kombo. Mliweka nini juu?

---

BibiWaMabanda · Jumapili, saa 1:05 usiku

Mikanda ya mpira ya mashine za viwandani iliyochakaa, inauzwa soko la Gikomba kwa mita. Ipigilie upande uliokwaruzwa uwe juu, misumari yenye kichwa kipana, na uizamishe isije ikararua tairi. Pembeni pande zote mbili piga ubao wa kusimama, kimo cha kiganja, kiti kisidondoke. Ukimaliza panda wewe kwanza na kiti kitupu, asubuhi, umande ungalipo.